Miaka sita na Nissan Leaf kuukuu hapa Mombasa

Gari langu ni la umeme, Nissan Leaf ya mwaka 2013, betri yake ya kWh 24 (yaani uniti 24 za umeme ilipokuwa mpya), na kila baada ya muda linanipokonya mji mmoja. Nilipolinunua mwaka 2019 nilienda Kilifi na kurudi bila kuchaji njiani. Kufikia 2021, Kilifi ikawa ya kwenda tu; kurudi lazima nishinde kwa shangazi saa tatu nne, waya umepitishwa dirishani. Sasa hivi nikivuka daraja la Mtwapa nakuwa na hesabu kichwani. Wengi huniuliza kama ningelinunua tena, na huwa nashindwa kuwajibu kwa neno moja, ndiyo maana naandika haya.

Mimi ni mfamasia. Naishi Bamburi na nafanya kazi kisiwani, kwenda na kurudi ni kama kilomita 25 kwa siku. Kwa safari hiyo sijawahi kukwama hata siku moja. Liwekeni hilo akilini kabla sijaanza kulalamika.

Nililitoa kwenye yadi kwa shilingi milioni moja na laki moja unusu. Lilikuwa limetembea kilomita 38,000 kule Japani, ndani safi, viti kama havijakaliwa, na ukiliwasha dada wa Kijapani anakwambia kwa adabu kuwa kadi ya ETC haijaingizwa. Mpaka leo ananiambia. Ni kadi ya kulipia barabara za Japani, na wenye magari ya mtumba Afrika Mashariki tunaijua sauti hiyo kuliko za jamaa zetu wengine. Redio na ramani ni Kijapani kitupu. Nilijifunza vitufe kwa kukariri mahali vilipo.

Sasa niwaambie nilivyochezewa. Upande wa kulia wa dashibodi kuna vipande 12 vinavyoonyesha afya ya betri, mbali na vile vya chaji. Kipande cha kwanza huanguka betri ikibaki na asilimia 85 ya uwezo wake wa awali. Vinavyofuata, kila kimoja ni kama asilimia sita hivi. Yadini vilikuwa 11. Nikafurahi. Baada ya wiki sita vilikuwa tisa. Nikadhani nimeliharibu kwa kuchaji vibaya, nikawa silali. Kumbe kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu kwa mashine ya gereji, ikaanza kuhesabu upya kana kwamba betri ni changa, kisha kidogo kidogo ikagundua ukweli. Muuzaji nilipompigia aliniambia, "Madam, hilo ni joto la Mombasa." Wiki sita!

Basi nikanunua kile kidude kidogo cha OBD2 chenye Bluetooth, kinachochomekwa garini kusoma kompyuta yake, nikaweka kwenye simu programu ya LeafSpy inayoonyesha hali ya betri. Hapo ndipo nilipolijua gari langu. Afya ya betri asilimia 71. Kama unafikiria kununua Leaf yoyote iliyotumika, kidude hicho uende nacho yadini, tena usiamini vipande vya dashibodi peke yake. Tazama pia jozi 96 za seli, vile vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa, zinavyopangana kwenye mchoro wa LeafSpy. Zikiwa sawasawa kama vichwa vya wanafunzi gwarideni, heri. Moja ikichuchumaa chini ya wenzake, ondoka. Na kilomita zikiwa chache zisikuhadae: betri huzeeka kwa miaka na kwa joto hata kama gari limelala tu.

Joto lenyewe ni kweli lina makosa yake, sitamnyima muuzaji haki hiyo. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza wala feni. Inapoa kwa hewa inayopita chini ya gari, basi. Wenye Leaf wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, walianza kupiga kelele mwaka 2012 vipande vilipoanza kuwaanguka mapema, na betri za modeli ya 2015 zikaja na mchanganyiko mpya wa kemikali unaostahimili joto zaidi. Yangu ni ya kabla ya hapo. Binamu yangu aliye Nairobi ana ya mwaka huohuo, iliingia nchini karibu pamoja na yangu, na yake bado ina vipande tisa. Yangu ina sita. Yeye anavaa sweta asubuhi, mimi napepea.

Nimejifunza kuliishi kama mgonjwa wa kisukari anavyoishi na chakula chake. Silichaji nikifika nyumbani, maana betri bado ina moto wa barabarani. Naweka saa ianze saa saba za usiku. Sijazi mpaka juu isipokuwa nina safari. Asilimia 80 yatosha, na Leaf za rika la yangu zina mpangilio wa kusimamia hapo zenyewe. Kazini nimeafikiana na bawabu: chini ya mwarobaini ni pangu. Ananiwekea jiwe. Mwanzoni alikuwa akilizunguka gari akitafuta ekzosi, akaniuliza, "Mama, hili latoa moshi wapi?" Leo yeye ndiye anayewaeleza wageni, na anaongeza chumvi.

Kuchaji nyumbani kulinipa somo lingine. Waya uliokuja na gari ni wa Japani, wa volti 200, unavuta kama kilowati tatu. Fundi wa kwanza alinifungia plagi ya kawaida ya pini tatu akaniambia tayari. Plagi hiyo imeandikwa ampia 13, lakini kuivutia karibu kiasi hicho mfululizo, usiku baada ya usiku, katika nyumba iliyofungwa nyaya miaka ya themanini, ni kuomba moto. Mwezi wa pili nilinusa plastiki. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na pini moja imeganda ndani. Fundi wa pili alinivutia laini ya peke yake kutoka kwenye bodi, waya mnene, swichi yake ya kukata, na soketi ile ya buluu ya viwandani. Shilingi elfu kumi na nane. Tangu hapo hata joto silihisi nikiishika. Msianze na plagi ya ukutani, nawasihi.

Kwa gharama sina la kulalamika. Kilomita mia zinakula uniti 16 au 17 ukihesabu zinazopotea kwenye kuchaji, na uniti moja hunitoka kati ya shilingi 25 na 30. Weka mia tano. Gari dogo la petroli nililokuwa nalo lingenywa lita nane kwa mwendo huo, na petroli mwaka 2025 ilikuwa shilingi 180 hivi. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za moto, hakuna mkanda. Pedi za breki ni zilezile zilizotoka Japani na sasa gari lina kilomita 96,000, kwa sababu ukiachia mguu mota yenyewe inazuia na kurudisha umeme kwenye betri. Ila kwa wakaaji wa pwani kuna ubaya wake: diski zisipofanya kazi, chumvi ya bahari inazila. Kila Jumapili natafuta barabara tupu, natia nyutro, nakanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa ili kuzisugua. Majirani wanafikiri najifunza kuendesha.

Kilichonigharimu ni miguu. Gari lina uzito wa karibu tani moja na nusu, betri peke yake ikikaribia kilo 300, na barabara zetu mnazijua. Bushi za mbele nimebadilisha mara mbili, linki mara tatu, shokabsoba za nyuma mara moja. Mambo ya kawaida, fundi yeyote anayaweza.

Mambo yasiyo ya kawaida ndiyo yanayotisha. Siku moja nilitoka dukani nikakuta gari kimya, taa zinapepesa kama jini amelikalia. Kijana wa gereji ya jirani akaja mbio, akaangalia chini ya boneti, akatangaza kuwa betri imekufa na itabidi afungue nyaya za rangi ya chungwa. Nilimshika mkono. Nyaya za chungwa zina volti zaidi ya 350, na hazimpi mtu nafasi ya pili. Kilichokufa kilikuwa betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ambayo ndiyo huiamsha ile kubwa. Tulijampu kwa gari la jirani, nikaondoka. Leaf huwa na kichekesho hiki: kubwa imejaa, ndogo imelala, na wewe umesimama juani. Naibadilisha kila baada ya miaka mitatu bila kungoja inikumbushe.

Mwaka 2023 ndipo ilipokuja kesi yenyewe. Gari lilikuwa linaonyesha asilimia 25, niko Nyali narudi nyumbani, mara nguvu zikakatika na kwenye dashibodi akatokea kobe. Ndiyo, kobe, ndiyo alama waliyochagua, na gari linakwenda kwa mwendo wake hasa. Matatu zilinipigia honi mpaka nikahisi kulia. Kwa kawaida kobe huja betri ikiwa karibu na sifuri, si robo. Jioni nilifungua LeafSpy nikamwona mkosaji: jozi moja ya seli imezama chini kabisa, na nyingine karibu naye inafuata. Gari zima husikiliza aliye dhaifu. Yeye akisema basi, wote basi.

Nilimpata fundi Changamwe ambaye hakuzungumza sana, na nikalichukulia hilo kuwa dalili njema. Betri ya Leaf ina moduli 48, kila moja ina seli nne, mfano wa makopo bapa ya bati yaliyopangwa. Aliliinua gari, akachomoa kile kizuizi cha usalama kilicho sakafuni ili kuukata umeme katikati, akangoja, akavaa glavu za mpira, ndipo akaishusha betri kwa jeki. Alikuwa na moduli kutoka Leaf iliyogongwa. Nilidhani atatoa mbovu aweke nzima, kwisha. Hapana. Alikaa siku nzima akizichaji hizo mbili polepole mpaka volti zake zikalingana na za wenzake ndani ya betri, kwa sababu ukimweka aliyeshiba kati ya wenye njaa, watasumbuana. Nilimwachia gari siku tatu, na shilingi elfu arubaini na tano. Kobe hajarudi tena katikati ya safari. Uwezo wa jumla haukupanda, bado zile moduli 46 ni kongwe, lakini sasa asilimia kumi ni asilimia kumi kweli.

Leo afya inasoma 52. Nikiendesha taratibu bila AC napata kilomita 70 na kitu. Nikiwasha AC, na Machi hapa hakuna asiyewasha, ni 60 au chini yake. Mlango wa pili, wa kuchaji haraka kwa plagi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO, upo pale puani, na kwa miaka sita sijawahi kuutumia hata mara moja. Umeme ukikatika usiku nzima, naenda kazini na kilichobaki jana, ndiyo faida ya kuwa na kazi iliyo karibu. Harusi za Kilifi naenda kwa matatu. Mara ya mwisho shangazi aliniona nikishuka stejini akasema, "Yakhe, gari lako la stima limekufa?" Nikamwambia halijafa, limekuwa mtu mzima, halipendi safari.

Kwa anayetaka kununua: Leaf kama yangu haiingii nchini tena, maana sheria hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Utakayoiona ni ya mtu aliye hapa, na kwenye barabara za Mombasa mimi naweza kupita wiki bila kukutana na nyingine. Ukipewa kwa bei ya chini, una nyumba yenye mahali pa kuchaji, safari zako hazizidi kilomita 40 kwa siku na una gari lingine la mbali, ichukue bila kufikiri. Kama ni gari lako la pekee na kwenu ni Malindi au Voi, usijitese. Tafuta ya kWh 40, hizo ndizo zinazokuja sasa.

Kuhusu kubadilisha betri nzima: nimeambiwa laki saba kwa ya kWh 40 iliyotumika, pamoja na kile kisanduku cha kuifanya kompyuta ya gari ielewane nayo. Gari lenyewe sasa sidhani kama ningeuza kwa laki tano. Mume wangu kaipiga hesabu hiyo mara moja akanyamaza, kwa namna ile ya kunyamaza. Fundi wa Changamwe aliniahidi kuwa akipata moja kwenye gari lililogongwa atanipigia na bei itakuwa ya kindugu. Mwaka sasa hajapiga, na mimi sijamsukuma.