Sensa ya gesi ya inkubeta: uliza kwanza kama inajirekebisha

Tuelewane mapema: sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu. Ni kale kadude ka kupima gesi ndani ya inkubeta, yaani kabati la kukuzia seli hai (si la mayai), na mwaka jana kalinitia hasara.

Inkubeta yangu niliiunda kwa friji kuukuu hapa Nakuru. Seli zinataka nyuzi 37, unyevu mwingi na kaboni dayoksaidi asilimia 5, yaani sehemu 50,000 kwa milioni. Nilinunua sensa iliyoandikwa kuwa inafika hapo. Baada ya wiki, maji ya kulishia seli, ambayo huwa mekundu, yakawa manjano: asidi imezidi. Skrini bado inasema 5, na mtungi wa gesi umekuwa mwepesi ajabu.

Kumbe sensa nyingi za bei nafuu hujirekebisha zenyewe. Zinaamini kwamba lazima kuna wakati dirisha litafunguliwa, kwa hiyo kipimo cha chini kabisa zilichokipata zinakiita sehemu 400 kwa milioni, hewa ya nje. Ofisini ni busara. Inkubeta haina dirisha! Sensa inaidhania gesi yako kuwa hewa safi, inashusha hesabu, valvu inafunguka kuongeza nyingine. Kesho vivyo hivyo. Matangazo yanakueleza urefu wa waya, hili hayalitaji.

Chaguo langu ni STC31 ya Sensirion, kampuni ya Uswisi, na upendeleo sifichi. Inapima jinsi gesi inavyopitisha joto, ina mpangilio wa kupima hadi asilimia 25, na haijirekebishi mpaka uiamuru. Ila ni lazima uiambie unyevu, joto na presha ya hewa, kwa hiyo nunua na kipima unyevu. Presha usiidharau: Nakuru tuko mita 1,850 hivi, presha yetu ni pungufu ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Watu wa Kisumu wana nafuu kidogo.

Ya pili ni ExplorIR-W ya kampuni ya GSS kutoka Uskoti, ile ya asilimia 20. Inatumia mwanga wa infraredi, na kujirekebisha kwake unakupanga mwenyewe. Bei itakuuma.

SCD30 na SCD41 ni ndugu za kipenzi changu, lakini zinaishia 40,000. MH-Z19B inaishia 10,000, iache darasani. MQ-135 hunusa hata spiriti uliyopangusia rafu. Pita.

Sasa wauzaji. Wangu nilipompigia alisema, "Madam, hiyo ni orijino." Nikamwomba karatasi ya vipimo, akanitumia picha ya boksi. Bei aliyonitoza ilikuwa mara mbili ya kule inakotoka, kisha nikalipa nauli ya kifurushi kwenye matatu, nacho kikafika kimefungwa kwa gazeti. Nilipotaka kuirudisha, akacheka.

"Madam, ukishaiwasha ni yako."