TAHADHARI: muuza transista za amplifaya ni TAPELI, msimtumie hela!!

Wadau, hasira nilizonazo hazielezeki. Yule jamaa anayeuza MRF247 (transista za kukuza nguvu ya redio, wati 75) eti "stoo ya zamani, hazijawahi kufungwa popote" ni mwizi, msimtumie hata senti.

Ripita yetu, ule mtambo wa kupokea na kurusha tena mawimbi ya redio zetu, ilipigwa na radi, amplifaya ikafa, tukachanga, mimi nikapewa kazi ya kutafuta transista. Najua wapo watakaosema hukumchunguza? Jamani huyu mtu anaongea kifundi haswa! Mwenyewe ndo aliniuliza, mkuu unaiendesha kwa volti ngapi, nikamwambia 13.8, akauliza kama draiva, yaani hatua inayoisukuma transista, inatoa wati 15 kamili maana chini ya hapo zile wati 75 hutaziona, akanikumbusha ripita inarusha muda mrefu bila kupumzika kwa hiyo niangalie feni na grisi ya joto. Tapeli gani anajua hayo yote? Halafu akatuma video, transista iko mezani, mshale wa mita ya wati umetulia kwenye 75, maandishi yanasomeka vizuri. Nani asingelipa?

Mzigo ukafika. Nikasafisha hitisinki (chuma cha kupoza joto), nikapaka grisi nyembamba, nikalehemu, nikafunga dami lodi (mzigo wa kupimia badala ya antena), sikugusa antena kabisa, nikabonyeza. Mshale ukapanda kama wati 30 hivi, ukatetemeka, ukaanza kushuka wenyewe hadi sifuri na harufu ya kuungua juu. Nimeshika maiki sina la kusema na wenzangu wanapiga simu, vipi, imerudi hewani? Aibu niliyoipata siku ile!

Transista ya pili kwenye mzigo huo nikaifuta kwa pamba yenye asetoni. Maandishi yote yakahamia kwenye pamba! Chini yake mikwaruzo ya msasa na namba nyingine imebaki nusu, yaani kachukua kitransista kidogo akakibandika jina la kikubwa. Nikamtumia picha, akasoma, akanibloku.

Huyu afungiwe kila sehemu anapouza, arudishe hela, alale ndani! Zile hela ni michango ya watu, na ripita ndiyo inayotubeba simu zikikosa mtandao. Mtu anatuibia hapo hapo bila huruma, asionewe aibu hata kidogo.

Za kuangalia, haraka haraka: bei yake ilikuwa chini mno kwa kitu cha stoo ya zamani, zote zina tarehe ileile, miguu ina mabaki ya lehemu, na flenji (bamba la chini la transista) imepigwa tupa haikai sawa kwenye hitisinki. Zifuteni kwa asetoni kabla ya kufunga. Na msizivunje kutazama ndani, keramiki yake inaweza kuwa na berili oksaidi, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Video anayotuma ni moja kwa wote, kuna mwenzetu mwingine kaletewa hiyohiyo. Mwenye risiti au meseji zake anitumie inbox, nakusanya zote napeleka polisi.