Uzoefu wangu Celebration Bowl: mapumziko yakifika, usiinuke kitini

Nimekaa Georgia miaka kadhaa, na mpira wa Kimarekani ulikuwa haujaniingia hata kidogo. Watu wamevaa kofia ngumu, wanakimbia sekunde sita, wanasimama kupanga mambo, yanakuja matangazo ya biashara, halafu wanakimbia tena. Aliyenibadilisha ni mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mzaliwa wa Mississippi, aliyesoma chuo cha Jackson State huko kwao. Desemba 2022 alinishika mkono akaniambia mechi hii nisiisikie kwa watu, niende mwenyewe.

Kwa asiyeijua: Celebration Bowl huchezwa Atlanta kila Desemba tangu 2015, ukiacha 2020, mwaka wa korona. Inakutanisha bingwa wa MEAC na bingwa wa SWAC, ligi mbili za vyuo vya Wamarekani weusi, vingi vikiwa vimeanzishwa wakati ambapo vyuo vya wazungu vya kusini vilikuwa havimpokei mtu mweusi. Ndani ya treni mzee akanipa darasa. Jackson State ilianza 1877. James Meredith alikuwa mwanafunzi pale kabla hajaingia University of Mississippi mwaka 1962, mweusi wa kwanza kupokelewa huko, akisindikizwa na askari wa serikali kuu. Walter Payton, nyota wa mpira huu, naye alitokea pale. Mzee alikuwa anataja majina haya kama mtu anayehesabu ukoo wake.

Kawaida bingwa wa ligi hizi huja Atlanta badala ya kuingia mashindano ya mtoano ya kitaifa ya daraja lao. Wapo wanaosema ni kujinyima. Mimi nilipoona watu karibu elfu hamsini ndani ya Mercedes-Benz Stadium, bibi wa miaka themanini na kitukuu wake wamevaa sare ya chuo kimoja, sikuona wamejinyima nini.

Mambo ya pochi sasa. Tiketi nilinunua kwa wauzaji wa mtandaoni, na hapo ndipo ninapokata nyota. Bei niliyoiona mwanzo siyo niliyolipa mwisho. Makato yalijitokeza pale pale ninapobonyeza kulipa. Tazama jumla kabla hujashangilia. Treni ya mjini, MARTA, ilikuwa dola 2.50 na inakushusha mlangoni kabisa, kwa hiyo sahau habari za kutafuta maegesho. Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo. Noti hazipokelewi ndani, ni kadi tu, lakini chakula ni rahisi kuliko nilivyozoea viwanjani, na soda unajaza mwenyewe tena na tena.

Mechi ilianza saa sita mchana. Jackson State walikuja hawajafungwa, michezo 12, na kocha wao Deion Sanders alikuwa ameshatangaza anahamia chuo cha Colorado. Hii ndiyo ilikuwa mechi yake ya kuaga. Upande wa pili North Carolina Central, chuo cha Durham ambacho mzee alikizungumzia kwa dharau mpaka robo ya pili. Baada ya hapo akanyamaza.

Lakini mimi nataka nizungumzie mapumziko. Nilikuwa nimeshainuka kwenda kutafuta soseji. Mzee akanivuta shati: kaa chini. Nikatazama, hakuna aliyeinuka. Uwanja mzima umekaa kama msikitini imamu akipanda mimbari.

Bendi zikaingia. Ya Jackson State inaitwa Sonic Boom of the South, na hilo jina hawakujipa bure. Viongozi wa bendi walipinda migongo nyuma, nyuma, mpaka nikadhani wataanguka. Nyuma yao safu ya matarumbeta yale makubwa yanayomzunguka mtu kiwiliwili kama chatu, na wabebaji wake wanacheza huku wanapuliza. Sijui pumzi wanaitoa wapi. Ngoma zikiingia hausikii kwa sikio, unasikia kifuani. Wasichana wa J-Settes, wanaocheza na bendi hiyo, mmoja anaanza mtindo mbele, wenzake wanaupokea mmoja mmoja kama wimbi linavyokuja ufukweni.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Babu yangu alikuwa akitusimulia ngoma ya beni, vikundi vya Kingi na Skochi wakishindana kwa sare, tarumbeta na maringo, mitaa imegawanyika mpaka ndugu hawasemezani. Siku zote niliyachukulia kama hadithi za wazee. Siku hiyo nikaelewa alikuwa anamaanisha nini. Bendi ya Central ilipopata zamu yake, jirani yangu mwenye jezi ya Jackson alikunja mikono na kutazama pembeni, lakini mguu wake ulikuwa unapiga mdundo.

Ushauri mmoja hapa: ukinunua tiketi, chagua pembeni katikati, usichukue nyuma ya lango. Mimi nilibana senti, na kwa muda mrefu nikawa naangalia migongo ya wapuliza tarumbeta.

Kipindi cha pili nilishakuwa shabiki bila kujua. Saa imekwisha kabisa, sifuri, Jackson wako nyuma, na Shedeur Sanders, mtoto wa kocha, anarusha mpira kwa Travis Hunter ndani ya eneo la kufunga. Akaudaka. Mzee alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaruka. 34 kwa 34, muda wa nyongeza. Central wakafunga kwanza. Jackson wakapata nafasi yao, mpira ukamfikia mtu wao mikononi ndani ya eneo la kufunga, ukamponyoka. Jaribio la mwisho nalo likapotea. 41 kwa 34, Central mabingwa, na kwa Jackson ulikuwa mwaka wa pili mfululizo kulia Atlanta.

Kurudi, tulisimama kituoni tumebanwa kama dagaa, wa Durham wanaimba, wa Mississippi kimya. Mzee hakufungua mdomo. Tulipofika Five Points pa kubadilisha treni, akavua kofia, akaifuta kwa kiwiko, akaniambia: "Lakini bendi tumewashinda."

Nyota nne kati ya tano.