Gemu zenye ujumbe wa siasa na jamii: ipi ununue kwanza

Kama unataka gemu inayosema kitu kuhusu siasa au maisha ya watu, mi nina kipimo kimoja tu, ujumbe uko kwenye kile unachokifanya au uko kwenye midomo ya wahusika? Zile za kuhubiri naziruka, unabonyeza tu maongezi yapite na kesho hukumbuki kitu.

Namba moja, na hapa sirudi nyuma, ni Papers, Please ya Lucas Pope (2013). We ni afisa wa mpakani kwenye nchi ya kubuni inaitwa Arstotzka, mwaka 1982, kazi ni kukagua pasipoti na kugonga muhuri basi. Unalipwa kwa kichwa, makosa yakizidi unakatwa, jioni kuna kodi ya nyumba, chakula na hela ya kupasha nyumba joto, na nyumbani watu wanaumwa. Sasa anakuja mume karatasi zote safi, anapita, anakuomba umhurumie mke wake yuko nyuma yake, mke anafika hana kibali. Hakuna anayekwambia utawala wa mabavu ni mbaya, unajikuta mwenyewe unamrudisha mama wa watu kisa kuogopa kukatwa hela ya dawa, na hapo ndo unaelewa mtu wa kawaida anavyogeuka mkono wa serikali.

Pili This War of Mine (2014) ya 11 bit studios wa Poland, vita ila we si askari, ni raia mmejificha kwenye nyumba mbovu, wazo walilitoa kwenye kuzingirwa kwa Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, kwenye vita ya miaka ya 1990. Usiku unaweza kuwaibia wazee wawili wasiojiweza, mtashiba, ila huzuni itawakalia watu wako. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuiingiza kwenye orodha ya masomo ya ziada shuleni. Kama umetoka kwenye msiba juzi iache kwanza.

Tatu Bury Me, My Love (2017), yote ni meseji za simu, mkeo Nour anakimbia Syria kwenda Ulaya na we huna cha kumpa zaidi ya ushauri. Hujawahi kucheza gemu? Anza na hii.

Nne 1979 Revolution: Black Friday (2016), mapinduzi ya Iran kupitia mpiga picha Reza. Nzuri ila fupi, na sehemu kubwa unachagua majibu tu, ndo maana nimeishusha.

Papers, Please ipo ya simu pia lakini chukua ya kompyuta ukiweza, ile meza ya karatasi inataka kioo kikubwa. Na zote zina kusoma kwingi, angalia lugha kabla hujalipa.