Kioo cha Kigiriki pale Met New York, nyota nne

Ukiingia Met, yaani makumbusho ya sanaa ya Metropolitan, kwa mlango wa Fifth Avenue kata kushoto, huko ndo kwa Wagiriki na Warumi. Watu kibao wanaganda kwenye masanamu ya mawe, selfi mbili tatu wanasepa. Wewe tafuta kioo cha shaba ambacho mwanamke amesimama amekibeba kichwani, ni cha katikati ya karne ya 5 KK, kimo kama sentimita 40 tu lakini aisee hiyo kazi!! Dada katulia kabisa na gauni lake zito, vitoto viwili vyenye mabawa vinaruka pembeni ya kichwa, halafu ukingoni mwa kioo kuna mbwa wanafukuza wanyama. Usitegemee kujiona, zamani hiyo shaba iliyochanganywa na bati ilisuguliwa mpaka inang'aa, saa hizi imeshakufa rangi. Mwenye nacho hakuwa mtu wa hali ya chini, na vioo vya hivi wanawake walizikwa navyo au walivitoa zawadi kwa miungu.

Sasa soma na lebo, usiishie kwenye picha. Imeandikwa ni wosia wa Walter C. Baker, 1971, huyo alikuwa tajiri mkusanyaji, na namba ya kioo inaanza na 1972 maana ndo mwaka kilioingia kwenye vitabu vyao. Sawa, na kabla ya Baker je? Nani alikitoa ardhini, kaburi la nani, aliyeuza alilipwa shingapi? Lebo haifiki huko. Sisemi kimeibwa, jamani msininukuu vibaya, ila 1972 hiyohiyo Met walinunua chungu cha Euphronios, mchora vyungu wa Ugiriki ya kale, kwa kama dola milioni moja na 2008 kikarudi Italia kwa sababu kilichimbwa kwa magendo, kwahiyo mtu akiuliza risiti asionekane mkorofi. Hata mkurugenzi wao wa kwanza kabisa, Cesnola, alikuwa konsuli wa Marekani kule Cyprus akawa anafukua makaburi kama shamba la mihogo, mzigo akawauzia hawahawa Met na 1879 wakampa kiti. Mwaka 2023 wametangaza kuongeza watu wa kufuatilia vitu vilipotoka, hapo nawapa maua yao, japo nyota ya tano naishikilia kwanza.

Bei: mgeni mtu mzima dola 30, mkazi wa jimbo la New York analipa anachoweza. Ukiona 30 ni nyingi ingia tovuti yao, tangu 2017 picha za vitu vya zamani wanaachia bure kabisa, unazoom mpaka mikunjo ya gauni na namba za vitu zipo zote. Ijumaa na Jumamosi wanafunga saa 3 usiku. Jumatano msiende, wamefunga.