Alesis Nitro Mesh kwa mpigaji asiyepishanisha mikono

Seti nyingi za dramu zimekwisha kuamua kabla hujashika vijiti: haihati (matoazi mawili yanayofumbwa kwa mguu) kushoto, raidi (toazi la kushikia mwendo) kulia, basi mkono wa kulia uvuke juu ya wa kushoto. Anayetaka haihati kwa kushoto na snea (dramu ya mlio mkali iliyo mbele ya magoti) kwa kulia hubaki kung'ang'ana na stendi. Nitro Mesh, seti ya dramu ya kielektroniki yenye pedi za wavu, inamwondolea kazi hiyo kwa sababu moja tu: pedali ya haihati haijashikana na toazi lake. Toazi liko kwenye mkono wa fremu, pedali iko sakafuni, katikati ni waya.

Kwa hiyo legeza skrubu ya masikio, teremsha toazi la haihati hadi libaki sentimita 5 hivi juu ya ukingo wa snea, kisha uikaze. Anayepishanisha mikono hawezi kulishusha hivyo, maana kijiti chake cha kushoto kinahitaji nafasi ya kupanda chini ya mkono wa kulia. Pedali nayo iweke mguu unapotua wenyewe, hata kama si chini ya toazi.

Raidi ndiyo yenye kazi. Wapiga dramu Billy Cobham na Simon Phillips huiweka kushoto, na ukipiga kwa mtindo huu utaitaka huko. Usikimbilie kuvuta nyaya: zote zinatoka kwenye fungu moja, na ukilazimisha waya usiofika utaharibu plagi. Badilisha sauti. Pedi ya krashi (toazi la kishindo) tayari iko kushoto, basi ipe sauti ya raidi kwenye moduli (kisanduku kinachotoa sauti), ya kulia uipe krashi, halafu hifadhi kwenye mojawapo ya seti 16 za mtumiaji, yaani nafasi za kuwekea mpangilio wako wa sauti. Hasara ni kwamba pedi inayokatika sauti ukiibana kwa vidole ni ile ya kushoto, kwa hiyo krashi yako mpya haitakatika.

Ukipiga haihati na snea ikalia yenyewe, mtikisiko unapita kwenye fremu. Kaza vibano kwanza. Isipokoma, ongeza XTALK (mpangilio wa moduli unaozuia pedi kuitikia mtikisiko wa nyingine) ya pedi inayojilia, hatua moja moja. Ukizidisha, mapigo ya pamoja ya mikono miwili yatamezwa, na utadhani mkono wako ndio mbovu.

Kuna ujanja mmoja ambao haufai: kuongeza usikivu wa haihati ili kushoto dhaifu kusikike kama kulia. Moduli itakubali. Seti ya ngozi na shaba haitakubali. Acha usikivu ulivyo, weka metronomu kwenye mapigo 70 kwa dakika, kushoto kupige nane kwa kila ba, kulia kuguse snea kwenye 2 na 4. Kushoto kukishikilia dakika tano bila kukaza kifundo, anza kupeleka kulia kwenye tomu huku haihati ikiendelea. Hapo ndipo mtindo huu unapolipa, hasa kwenye chakacha ya 6/8: kulia kunazungumza kama ngoma ya mkono na mwendo haukatiki.

Udhaifu wa Nitro Mesh ni huu: snea ni ya inchi 8, ndogo kwa anayezoea 14, na haihati ni bapa lisilotikisika kama matoazi mawili halisi. Nitro Max, seti ya Alesis iliyofuata, ina snea ya inchi 10. Bei ikiruhusu, chukua hiyo.

Kwa flati za Roysambu au Umoja jijini Nairobi, wavu ni wa kimya, lakini kishindo cha kiki (dramu ya mguu) hupita sakafuni hadi kwa jirani wa chini. Zulia pekee halitoshi. Weka godoro jembamba la povu, juu yake ubao, juu ya ubao zulia. Ukinunua iliyotumika kutoka Marekani, soma adapta kwanza: iliyoandikwa 120V pekee itaungua kwenye umeme wetu wa 240V. Chomeka kila plagi ya lile fungu mbele ya muuzaji, kwa kuwa waya mmoja ukifa huwezi kuubadilisha peke yake.

Na kama Jumapili unapiga seti ya kanisa inayotumiwa na watu wanne, raidi utaikuta kulia na hakuna atakayekuruhusu kuihamisha. Hifadhi seti ya pili ya mtumiaji yenye raidi kulia, uifanyie mazoezi kuanzia Alhamisi.