TAHADHARI: Waleti za Bitcoin zinazouzwa Dar zikiwa na maneno 24 yaliyokwisha chapishwa

Wakuu, kama umenunua kifaa cha kuhifadhia Bitcoin kwa muuzaji wa Instagram hapa Dar, na ndani ya boksi ukakuta kadi yenye maneno 24 yaliyokwisha chapishwa, usiweke hata senti humo. Kama umeshaweka, shuka moja kwa moja mpaka aya inayoanza na "Kama pesa iko humo", uhamishe kwanza, halafu urudi kusoma mengine ukiwa umetulia.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta Kariakoo, upande wa Aggrey. Siku hizi pamoja na vioo na mifumo ya chaji naletewa na hivi vifaa, Ledger, Trezor na vinginevyo. Wengi wanataka tu mtu wa kukaa naye wakati wa kuwasha kwa mara ya kwanza, maana maelekezo ni Kiingereza na hela ikienda haina wa kumlilia. Ndivyo nilivyokutana na mchezo huu.

Ukurasa wa muuzaji una picha safi na wafuasi kibao, ila sehemu ya maoni imefungwa. Bei ni mpaka umfuate DM. Anasema yuko Kariakoo, lakini ukitaka kwenda dukani anakwambia mzigo uko stoo, bodaboda atakuletea mpaka mlangoni, wewe lipia tu kwa Lipa Namba. Bei yake ni laki na ishirini. Sasa piga hesabu. Trezor Safe 3 ilipotoka mwaka 2023, kampuni yenyewe iliiuza dola 79, karibu laki mbili za kwetu, na hapo bado usafiri na ushuru. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza chini ya bei ya kiwandani kuna mahali pengine anarudishia hela yake.

Na mzigo unafika kweli. Hapo ndipo anapowapata watu, kwa sababu sisi tumezoea tapeli anayekula hela na kuzima simu. Huyu analeta. Boksi lina nailoni yake, waya wa USB upo, kifaa kinawaka. Na kuna ile kadi.

Ina ukubwa wa kadi ya benki, nembo ya kampuni juu, namba ya usajili pembeni, na chini yake utepe wa kijivu wa kukwangua kama vocha. Ukikwangua yanatokea maneno 24 ya Kiingereza. Nyuma kuna maelekezo kwa Kiswahili fasaha kabisa: kwangua, washa kifaa, chagua kurejesha waleti iliyopo, ingiza maneno haya kwa mpangilio, weka namba yako ya siri, tayari. Sote hapa tumekwangua vocha miaka na miaka, na akilini mwetu kitu kilichofunikwa kwa utepe maana yake hakuna aliyekiona. Aliyebuni kadi hii anatujua vizuri.

Wa kwanza kuniletea alikuwa kijana wa Sinza anayefanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa Bitcoin. Alikuja akiwa ameshalizwa. Aliweka kama elfu hamsini kujaribu, zikaingia. Akazitoa, zikatoka. Akazirudisha, zikakaa. Akaamini. Malipo ya kazi zake yakawa yanaingia humo mpaka yakapita milioni kumi na moja, na usiku mmoja zote zikaondoka kwa muamala mmoja. Kifaa kilikuwa kabatini, kimezimwa, namba ya siri anaijua yeye peke yake. Alipompigia muuzaji aliambiwa, "Bosi wangu, hapo simu yako imeingia virusi, mimi naweza kukurudishia ila kuna gharama ya mtaalamu, laki tatu." Alipokataa akapigwa bloku.

Wa pili ni dada anayeuza vitenge, na yeye alikuwa bado hajaweka kitu. Nilipoona kadi inayofanana na ile nikamwomba yule kijana alete yake. Tukaziweka mezani pembeni ya hita ya kubandulia vioo. Neno la kwanza, lile lile. La pili, lile lile. Tukashuka nalo mpaka la 24. Kilichotofautiana ni ile namba ya usajili ya pembeni tu, na ni kwa sababu imewekwa kuwa pambo.

Orodha inayotumiwa na vifaa hivi ina maneno 2,048. Maneno mawili tu ya mwanzo kuangukiana kwa bahati kwenye vifaa viwili ni mara moja katika zaidi ya milioni nne. Maneno 24 hayaangukiani. Yule muuzaji alitengeneza waleti yake mwenyewe, akachapisha maneno yake kwenye kadi, akawagawia wateja funguo za nyumba anayoishi yeye.

Wengi hawajaelewa hapa, tena hata wanaojiita wataalamu. Bitcoin haikai ndani ya kifaa. Inakaa kwenye daftari la wazi linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, na kinachokupa uwezo wa kuihamisha ni funguo zinazozaliwa na hayo maneno. Kifaa kazi yake ni kuzificha hizo funguo zisiguswe na simu wala kompyuta yako. Mwenye maneno hahitaji kifaa chako wala namba yako ya siri, anayaingiza kwenye waleti nyingine popote alipo na pesa ni yake. Na kwa vile daftari ni la wazi, anaweza kukaa kwake akiangalia salio lako linavyokua. Ile elfu hamsini hakuiona ndogo, aliiacha makusudi.

Mchezo wenyewe si mpya. Mapema mwaka 2018 kuna mtu aliyenunua Ledger kwa muuzaji wa eBay, akakuta karatasi ya kukwangua ndani ya boksi, na akiba yake ikaenda. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, majina na anuani za nyumbani, na mwaka uliofuata baadhi yao wakatumiwa kwa posta vifaa bandia pamoja na barua ya kudai kampuni inawabadilishia. Kibaya kuliko vyote ni kile ambacho Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikichambua mwaka 2023: Trezor bandia, stika zote ziko mahali pake, kinawaka na kufanya kazi kama halisi. Ndani matapeli walikuwa wamebadilisha chipu na programu. Chenyewe kilikuonyesha maneno kwenye skrini kana kwamba kimeyabuni papo hapo, kumbe kinachagua kimoja kati ya vifungu 20 vya maneno vilivyoandaliwa. Hata ukiongeza nywila ya ziada, kilikuwa kinachukua herufi yake ya kwanza tu na kutupa zilizobaki.

Kwa hiyo msihangaike sana na nailoni na stika. Mashine ya kufungia nailoni ipo mpaka kwa wauza karanga, na Ledger wenyewe hawaweki stika ya usalama kwenye maboksi yao.

Sasa jinsi ya kuanza sawasawa. Nunua kwenye tovuti ya kampuni, au kwa wakala ambaye jina lake limeorodheshwa kwenye tovuti hiyo hiyo. Andika anuani ya tovuti kwa mkono wako, usibofye tangazo la juu kwenye Google, matapeli nao wanalipia matangazo. Kama una ndugu anarudi kutoka Ulaya au Dubai, mwagize akuagizie kutoka kampuni, asikuokotee dukani njiani.

Kifaa kipya kikiwaka kwa mara ya kwanza hakikudai namba ya siri. Kikikudai, au kikakutwa na salio, au boksi likawa na karatasi inayokupa namba ya siri, mtu ameshakitumia. Karatasi za maneno zinazokuja kwenye boksi halisi ni tupu, zina mistari ya kujaza tu. Trezor inakuja bila programu yake ya ndani kabisa, unaiweka wewe siku ya kwanza kupitia programu yao rasmi. Ledger nayo unaiunganisha na programu yao na inakaguliwa kama ni halisi. Hatua hiyo watu wanairuka kwa haraka ya kuona salio. Usiiruke, ndiyo inayokutenganisha na kile kifaa bandia walichokichambua Kaspersky.

Kisha chagua kutengeneza waleti mpya. Mpya, siyo kurejesha. Maneno yatokee kwenye skrini ndogo ya kifaa chenyewe, moja moja, na wewe unaandika kwa kalamu kwenye karatasi. Hakuna kupiga picha, maana picha za simu nyingi zinajipakia zenyewe mtandaoni. Hakuna kujitumia WhatsApp. Na hili nalisema kwa sababu nimeliona: hakuna kupeleka karatasi steshenari ikatolewe kopi na kuwekewa laminesheni. Yule kijana wa steshenari ni mwaminifu, sawa, lakini mashine yake na meza yake na mteja aliyesimama nyuma yako hawajakuahidi kitu. Ukiwa unakaa maeneo yanayopata maji, Jangwani, Kigogo na kwingine bondeni, weka nakala mbili nyumba mbili tofauti, au gonga maneno kwenye bamba la chuma. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha, kwenye ile orodha ya Kiingereza hakuna maneno mawili yanayoanza na herufi nne zinazofanana.

Kabla hujaweka hela fanya jaribio ambalo mimi silali bila kulifanya kwa mteja. Nakili anuani ya kwanza ya kupokelea, ule mfuatano wa herufi na namba unaompa mtu akutumie Bitcoin. Futa kifaa chote. Kirudishe kwa maneno uliyoandika. Anuani ikitoka ile ile, uliandika sawa. Jaribio hilo ni bure, na limeshaokoa watu walioandika neno la 17 mahali pa la 18. Na kila unapopokea, linganisha anuani ya kwenye kompyuta na ya kwenye skrini ya kifaa, kwa sababu kuna virusi vinavyobadilisha anuani uliyoikopi.

Maneno hayaingizwi popote zaidi ya kwenye kifaa chenyewe. Novemba 2023 kulikuwa na programu bandia ya Ledger ndani ya duka la Microsoft, siyo uchochoroni, na ilikomba pesa za watu zenye thamani ya mamia ya maelfu ya dola kwa kuwaomba tu waingize maneno yao. "Huduma kwa wateja" anayekufuata DM akiyaomba ni mwizi. Hakuna mjadala.

Kama pesa iko humo tayari: tengeneza waleti mpya mahali pengine, kwa maneno mapya. Huna kifaa kingine? Kwa dharura tumia programu ya simu kama BlueWallet iliyopakuliwa kwenye duka rasmi, si makazi ya kudumu lakini maneno yake yatakuwa yako peke yako. Kisha hamisha salio lote kwa mkupuo, na ada ya muamala weka ya juu ili uthibitishwe haraka. Usianze na kiasi kidogo cha kujaribu. Siku zote mimi ndiye wa kuwaambia watu wajaribu na kidogo, lakini hapa kuna mtu anaangalia salio lako, na ukianza kutoa unamwamsha. Kubadilisha namba ya siri hakusaidii chochote.

Kifaa cha yule dada tulikikagua na programu rasmi kikapita, ni halisi, sumu ilikuwa kwenye kadi. Tumekifuta, ametengeneza maneno yake mwenyewe. Kwa pesa ndogo sawa. Kwa pesa ya kiwanja, ningemshauri anunue kingine.

Kwa waliokwisha kupigwa: Bitcoin haina wa kumpigia arudishe muamala, na Benki Kuu ilishatangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini, kwa hiyo tawi la benki yako halitakusaidia. Lakini uliponunua kifaa ulilipa kwa simu, na hapo ameacha alama. Tunza SMS ya malipo, jina lililotokea ulipoweka Lipa Namba, mazungumzo yote ya DM, namba ya bodaboda aliyeleta, kadi yenyewe, na kitambulisho cha muamala uliohamisha pesa yako. Nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, ueleze ni kosa la mtandao, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba yake ya simu iripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040.

Jina la ukurasa sijaliweka kwa sababu ameshalibadilisha tangu kijana wa Sinza anunue, na jina jipya linaweza kuwa la duka la mtu mwingine kesho. Yule kijana ana RB tayari. Mwenye kadi kama ile anicheki tuunganishe malalamiko, ila usinitumie picha ya maneno, niambie tu kama yapo chini ya utepe wa kijivu na maelekezo ya nyuma ni ya Kiswahili.